Oda ikikosewa: mwongozo kwa wenye bekari za tanuri la kuni

Alhamisi moja baada ya Alasiri, bibi mmoja alifika kwenye tanuri letu Ng'ambo, mjini Unguja, akiwa na vijana wawili na makapu matupu. Alikuja kuchukua maboflo 120, ile mikate yetu midogo ya ngano, na mikate sita ya mayai kwa khitma, kisomo cha kumwombea marehemu mumewe. Sikuwa na hata mkate wake mmoja. Kwenye kipande cha karatasi nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu "Ijumaa usiku", naye aliniambia "usiku wa Ijumaa". Kwa mtu wa pwani, hapo katikati pana siku nzima: usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, jua la Alhamisi likishazama. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini nilikuwa naandika huku nahesabu pesa za mchuuzi, sikio likasikia moja, kalamu ikaandika jingine.

Tangu siku hiyo nimebadili namna ya kupokea oda, na namna ya kukaa na mteja niliyemkosea. Nawaandikia wenzangu wenye matanuri kama letu, wanaochoma boflo, mkate wa ufuta, mofa, mkate wa kumimina na mkate wa mayai, iwe Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa au Lamu. Mwenye kiwanda kikubwa ana mameneja wa kumsaidia. Sisi tuna daftari na ulimi.

Kabla ya hatua: kwa nini kosa moja linatuuma hivi

Ngano hailimwi visiwani. Hata Bara, pamoja na mashamba ya Arusha na Manyara, na Kenya pamoja na Narok na Uasin Gishu, sehemu kubwa ya ngano inayosagwa huletwa kwa meli. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya kiroba cha unga ilipanda hadi kwenye vichochoro vyetu. Mteja wa boflo hakubali bei ipande kila wiki, kwa hiyo mwenye tanuri huumia kimyakimya.

Kuni nazo zimekuwa shida. Wazee wetu walichomea mikarafuu iliyokauka, miembe, vifuu na makumbi ya nazi. Siku hizi kuni zinatoka mbali, ukataji una vibali vyake, na mikoko ya Ghuba ya Chwaka, ambayo tangu 2004 iko ndani ya hifadhi ya taifa pamoja na msitu wa Jozani, si ya kuguswa. Mimi naunga mkono. Samaki tunaowala na mikate yetu wanazaliana kwenye mizizi ya mikoko hiyo, na kuni za magendo sizipokei hata zikishushwa bure mlangoni.

Kisha kuna mkate wa slesi unaoletwa na viwanda vikubwa, umefungwa vizuri na unakaa siku kadhaa. Kuna vijana wasiotaka kazi ya kuamka saa nane usiku kukanda. Kuna majirani wanaolalamikia moshi, na wana haki yao. Tulichobaki nacho ni mkate wa moto, ladha ya tanuri, na kujuana na watu. Unguja ilipokaa miezi mitatu bila umeme, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya umeme unaotoka Bara kupitia chini ya bahari kukatika, matanuri ya kuni yaliendelea kutoa mikate. Unga ulikandwa kwa mikono, taa ilikuwa kandili. Watu wanakumbuka mambo kama hayo. Wanakumbuka pia siku uliyowaacha na wageni bila mkate.

Hatua ya 1: Ujue mkate mmoja unakugharimu nini

Usiruke hatua hii. Asiyejua gharama hawezi kujua kosa limemla kiasi gani, na akikabiliwa na mteja mwenye hasira ama atatoa kupita kiasi ama atabana senti.

Nachukua mfano wa mkando wa unga kilo 25: maji lita 15, sukari kilo moja, mafuta gramu 750, chumvi gramu 450, hamira ya chenga gramu 250. Jumla ni kilo 42 na nusu hivi. Toa kinachobaki kwenye chano, lile sinia la mbao la kukandia, na mikononi, unabaki na kilo 42 za donge. Ukikata vipande vya gramu 140, unapata maboflo 300, na kila moja likitoka tanurini limepungua kama sehemu moja ya kumi, maana maji yamekwenda na moto.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, kila boflo linakugharimu shilingi 220 ukihesabu unga, kuni, mishahara na maji, na unamuuzia mchuuzi kwa 250. Faida ni shilingi 30. Ukiharibu oda ya maboflo 60, umepoteza 13,200. Gawa kwa 30: lazima uuze maboflo 440 ndipo urudi pale ulipokuwa asubuhi ile. Weka bei zako mwenyewe kwenye hesabu hiyo, kisha ibandike karibu na daftari la oda. Mimi nilipoibandika, vijana walianza wenyewe kuuliza mara mbili kabla ya kuandika.

Hatua ya 2: Daftari moja, mahali pamoja

Vipande vya karatasi vikome leo. Nunua kitabu cha risiti chenye kopi ya kaboni: nakala moja kwa mteja, moja ibaki. Kila oda iandikwe jina na simu ya mteja, aina ya mkate, idadi, ukubwa, siku pamoja na tarehe na saa ya kuchukua, nani atakuja kuchukua, pesa iliyotangulia, pesa iliyobaki, na jina la aliyeandika. La mwisho hilo lipo ili ujue wa kumuuliza mwandiko usiposomeka.

Oda ya simu nayo iingie humo humo. Mteja akituma ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, usikilize, uandike daftarini, halafu umrudishie kwa maandishi: "Nimepokea: mikate ya kumimina 10, sinia la kati, Jumamosi tarehe 14, saa 10 jioni, atachukua mwanao. Ni sawa?" Asipojibu, mpigie. Oda isiyojibiwa haiingii kwenye ubao wa tanurini.

Hatua ya 3: Rudia oda kwa sauti, na uogope maneno haya

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwa hesabu yangu makosa mengi hayazaliwi kwenye chano wala motoni. Yanazaliwa kwenye maneno ya Kiswahili ambayo kila mmoja anadhani mwenzake anayaelewa vile vile.

La kwanza ni saa. Hoteli moja ilituandikia "mikate 80, 8:00". Wao walikusudia saa mbili asubuhi, kifungua kinywa cha wageni. Kijana wetu alisoma nane akapanga saa nane mchana. Sasa sheria yetu ni kwamba hakuna saa inayoandikwa peke yake: ni "saa 2 asubuhi" au "saa 8 mchana", na mteja wa hoteli anaulizwa, "Yaani wageni wakiwa wanakunywa chai ya asubuhi?" Swali la namna hiyo halikosei, kwa sababu linauliza shughuli.

La pili ni usiku, kama nilivyoeleza. Mtu akisema usiku wa Jumatatu, usiku wa Ijumaa, uliza, "Kuamkia Ijumaa, au Ijumaa yenyewe jua likizama?" Kisha andika tarehe. Wateja kutoka Bara na vijana wengi wa mjini husema usiku wa Ijumaa wakikusudia Ijumaa jioni. Wazee wetu hawasemi hivyo. Usikisie kwa kumtazama mtu sura.

La tatu ni siku zijazo. Keshokutwa haina shida sana, ila bado wazee wapo wanaosema mtondo na mtondogoo. Mtondo ni siku inayofuata keshokutwa, mtondogoo ni inayofuata hiyo. Kijana wa miaka ishirini anaitikia "sawa bibi" bila kuelewa, kwa aibu tu. Mpe kalenda ya ukutani aishike kwa kidole mbele ya mteja.

La nne ni hesabu. Kwenye simu yenye kelele za soko, sita na tisa ni s na t tu zilizobadilishana nafasi, na sitini na tisini ndiyo hivyo hivyo. Ukisikia mojawapo, rudia kwa njia nyingine: "Sitini, yaani dazeni tano?" Au, "Tisini, kumi pungufu ya mia?" Na dazeni yenyewe uihakikishe, kwa sababu wapo wanaosema dazeni wakikusudia kumi.

La tano ni majina ya mikate yenyewe. Mkate wa kumimina na mkate wa sinia kwa wengi ni kitu kimoja, cha mchele, tui na iliki. Lakini mtu anaweza kuagiza "mkate wa sinia" akimaanisha mkate wowote mkubwa uliochomewa kwenye sinia. Mgeni wa kutoka Nairobi akiagiza mandazi, huenda hataki mahamri yenye tui na iliki; mwenyeji wa Mombasa akiagiza mahamri, usimpe maandazi makavu ya chai ya mabanda. Mkate wa chila, mkate wa maji, mkate wa ajemi: kila mji na matumizi yake. Na mama kijana akisema "keki", muulize kama ataridhika na mkate wa mayai, kwa sababu huo hauna siagi wala hamira, unainuliwa na hewa ya mayai yaliyopigwa, na hautamfaa mtu aliyekuwa anataka kuupaka krimu ya harusi.

Uliza pia kama kuna mtu nyumbani anayedhurika na ufuta, njugu au korosho. Kwenye tanuri dogo meza ni moja, na ufuta husambaa kila mahali. Ikiwa huwezi kuhakikisha, mwambie ukweli na umwache achague.

Baada ya yote hayo, soma oda nzima kwa sauti, umsubiri mteja aseme "ndiyo". Inachukua dakika moja.

Hatua ya 4: Arbuni, na saa ya kufunga oda

Oda yoyote inayozidi mikate 30, au iliyo na mkate wa mayai, chukua arbuni ya nusu. Vijana wanaiita advansi, ni ile ile. Ipokee kwa simu ikiwezekana ili kumbukumbu ibaki kwenu wote wawili. Mweleze pale pale: akivunja oda kabla ya unga kukandwa, anarudishiwa yote, ukishakandwa, arbuni imeliwa. Liandike hilo kwenye risiti. Arbuni inampa mteja sababu ya kukumbuka tarehe yake.

Ramadhani ina kanuni zake. Kila mtu anataka mikate kabla ya Magharibi, na kosa likigundulika saa kumi na moja jioni halitengenezeki. Sisi oda za Ramadhani tunazifunga usiku wa kuamkia siku yenyewe, baada ya tarawehe. Jamaa akija mchana kuomba, anapata kilichopo, na tunamwambia hivyo kwa upole.

Idi ndiyo mtihani mkubwa. Mtu anasema, "Niandikie mikate minne ya mayai ya Idi." Idi lini? Mwezi unaweza kuandama tarehe 29, unaweza kutimia siku 30. Andika mistari miwili kwenye daftari, mmoja kwa kila tarehe, na muulize anataka kuchukua mkesha au asubuhi kabla ya sala. Pima unga na sukari mapema, paka mafuta mikebe, hesabu mayai. Usivunje yai hata moja kabla mwezi haujatangazwa.

Hatua ya 5: Kutoka daftarini hadi tanurini

Mchomaji hasomi daftari, yuko na moto. Pigilia ubao mweusi karibu na chano na uandike kwa chaki oda za siku, kwa mpangilio wa saa za kuchukuliwa, herufi kubwa. Anayeandika ubao asiwe yule aliyeandika daftari, ili macho mawili tofauti yasome oda moja.

Mizani ni jambo jingine ambalo wenzetu wengi wanalidharau. Mkono wenye uzoefu hukata vizuri alfajiri, hukata vibaya ukichoka. Angalia ule mkando wa kilo 42: ukikata gramu 150 badala ya 140, maboflo 300 yanageuka 280, na mteja wa mwisho anakosa ishirini yake. Kosa hilo halionekani mpaka anapohesabu. Pima kila kipande cha kumi.

Na hali ya hewa iingie kwenye mipango. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, donge linaumuka haraka. Tumia maji baridi na upunguze hamira kidogo, la sivyo mikate ya oda ya mwisho itakuwa imechacha kabla ya zamu yake motoni. Kusi ikivuma na baridi yake, mambo yanakwenda polepole, ongeza nusu saa. Moto wenyewe unaujua: makaa yakishatolewa na sakafu ya tanuri kufutwa kwa gunia bichi, rusha chembe za unga. Zikiwa nyeusi papo hapo, subiri.

Hatua ya 6: Hesabu kabla ya kufunga

Watu wawili, mmoja anahesabu, mmoja anasoma risiti. Geuza mkate mmoja wa kila trei ugonge chini. Ukitoa sauti ya utupu umeiva. Usifunge mkate wa moto kwenye plastiki, utatoa jasho, na wakati wa masika ukungu utauwahi. Gazeti la zamani lisiguse mkate kabisa. Andika jina la mteja juu ya kila kifurushi. Basi.

Hatua ya 7: Kosa limeshatokea, mteja yuko mlangoni

Simama. Msalimie kama ulivyomsalimia siku alipoleta oda; mtu mzima apate shikamoo yake hata kama amekuja anafoka. Mwache aseme yote. Usilishike daftari wakati anazungumza, kwa sababu akikuona unalifungua ataona unatafuta ushahidi dhidi yake.

Akimaliza, rudia alichosema kwa maneno mafupi, ukiri kilicho wazi, kisha uulize swali moja: shughuli inaanza saa ngapi? Mimi nilimwambia yule bibi hivi: "Bi mkubwa, uniwie radhi. Mikate uliitaka leo, mimi nimeiandika kesho. Kosa ni langu. Wageni wanakula saa ngapi?" Alikuwa amekuja na maneno mengi. Aliponijibu alisema neno moja tu, "Baada ya Isha," akakaa kwenye benchi.

Usiseme "kijana ndiye aliyeandika." Mteja hakuagiza kwa kijana, ameagiza kwako. Usiahidi jambo kabla hujajua kama moto upo. Na usimcheke, hata kama kosa ni lake na ni la wazi.

Hatua ya 8: Tazama saa, kisha tazama mkate

Dawa ya kosa inategemea mkate gani umekosewa. Boflo jipya, kuanzia kukanda hadi kutoka motoni, linataka saa tatu hivi, na hapo tanuri liwe tayari limewashwa. Mkate wa mayai unawezekana ndani ya saa moja na nusu kama una mayai, makaa ya juu na chini, na mkono wenye nguvu wa kupiga. Mkate wa kumimina hautengenezeki siku hiyo, mchele wake unarowekwa usiku kucha, kwa hiyo usimdanganye mtu. Mofa ya mtama nayo inataka donge lililochachuka. Jua nyakati hizi kichwani kabla kosa halijatokea.

Kama muda hautoshi kupika, tafuta mikate iliyokwisha kupikwa. Siku ile ya khitma nilikuwa na maboflo 70 motoni, ya wachuuzi. Niliwaomba wachuuzi wawili wangu wasubiri mkando wa usiku, nikawapa nafuu kwenye bei. Maboflo 50 nilikwenda kuyanunua kwa mwenzangu wa mtaa wa pili, kwa bei ya dukani. Mikate ya mayai minne ilitoka kabla ya Magharibi. Miwili niliipeleka mwenyewe kwa baiskeli, nikafika watu wakiwa wanatawadha kwa ajili ya Isha. Kuwa na makubaliano na tanuri la jirani ni jambo la kupanga mapema, kwa mdomo tu: leo nakosa mimi, kesho unakosa wewe. Wenye matanuri tunashindana kwa bei tunasahau kwamba tunahitajiana.

Ukimpa mteja mkate mwingine badala ya ule aliouagiza, muulize kwanza. Mtu aliyetaka kumimina kwa ajili ya futari anaweza kukubali mkate wa ufuta, au anaweza kupendelea kurudishiwa pesa akamwendee jirani anayepika nyumbani. Uamuzi ni wake.

Hatua ya 9: Nani alipe

Sasa fungua daftari, kwa utulivu, mkiwa wawili. Kama kosa ni lako, rudisha pesa ya kile kilichokosekana siku hiyo hiyo, usisubiri aombe, na gharama ya kupeleka iwe juu yako. Mikate ya mayai ya yule bibi sikupokea pesa yake. Maboflo alilipa, kwa sababu aliyapata.

Kama kosa ni la mteja, mfano alisema 60 na risiti yake inasema 60 lakini sasa anataka 90, mwonyeshe risiti yake mwenyewe, si kopi yako, na umuuzie thelathini kwa bei ya kawaida kama zipo. Usimtoze zaidi kwa sababu ana shida.

Yapo makosa yasiyo na mwenyewe, kama lile la saa nane na saa mbili. Hapo sisi tunagawana: mteja analipa kilichochukulika, hasara ya kilichobaki ni yetu. Wenzangu wengine wanaona nimelegea. Mimi naona anayejua hatari ya maneno ni sisi tunaopokea oda kila siku, mteja anaagiza khitma mara moja kwa mwaka.

Mkate mbichi katikati hauuzwi kwa punguzo. Huo urudishwe wote, hata mteja akisema atauchukua hivyo hivyo.

Hatua ya 10: Mikate iliyobaki

Mkate uliokwenda nyumbani kwa mtu na kurudi hauuzwi tena, hujui umekaa wapi. Ule ambao haukutoka tanurini, uza siku hiyo kwa wachuuzi, na kesho yake uuze kwa jina lake: boflo la jana, bei ya jana. Wapika katlesi na pudini ya boflo wanalitaka hasa likiwa limekauka. Kinachobaki, kausha kwenye tanuri linalopoa usaga chenga. Na mafungu machache peleka madrasa ya jirani mapema, yakiwa bado laini. Sadaka isiwe mkate wenye ukungu.

Hatua ya 11: Kijana aliyekosea

Usimkaripie mbele ya mteja. Usimkate mshahara kwa kosa la kwanza la kusikia vibaya. Nilipokuwa nakata, makosa hayakupungua, yalifichwa: nilikuta maboflo yaliyoungua yametupwa nyuma ya ukuta na hakuna aliyejua lolote. Sasa anayekosea anakuja kusema mwenyewe, anaandika kosa hilo kwenye kurasa za mwisho za daftari, mstari mmoja: tarehe, lilikuwa nini, lilianzia wapi, limegharimu kiasi gani. Kosa la uzembe unaorudiwa ni jambo jingine, na hilo linazungumzwa faragha, mzee wake akiwepo kama ni kijana mdogo.

Kurasa hizo tunazisoma pamoja kila mwisho wa mwezi, baada ya mikate ya jioni kutoka, chai ikiwa mezani. Mwezi uliopita mistari ilikuwa saba. Minne ilihusu saa, miwili aina ya mkate, mmoja uzito. Kwa hiyo wiki hii tumechora duara la saa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, nusu ya mchana imeachwa nyeupe, nusu ya usiku imepakwa rangi, na mteja mwenyewe anaombwa aweke kidole pale anapotaka mkate wake uwe tayari.